Sungura Watatu, Watoto Wawili na Mimi

Mpenzi msomaji, kama wewe ni mmoja wa wale wanaoamini sungura ni mnyama mpole, mwenye macho ya huruma na mkia kama pamba, siku ukipita Morogoro karibu nyumbani nikutambulishe kwa Malkia. Malkia ni jike jeupe, mnene, sikio la kushoto limelegea kidogo, na Januari 2024 nusura aue. Mbele ya watoto. Siku ya nne tangu nihamie kwenye nyumba ile kama mke wa mtu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mimi na mume wangu tulifunga ndoa Desemba 2023. Yeye alikuwa mgane, mkewe alifariki mwaka 2021 baada ya kuugua muda mrefu, akamwachia binti ambaye wakati nahamia alikuwa na miaka 10. Mimi nilikuwa na kijana wangu wa miaka 7. Baba yake yupo, anaendelea na maisha yake, habari zake si za leo. Mashosti zangu wa Dar walinipa ushauri wa kila aina kuhusu kuishi na mtoto wa kambo: usimkaripie mwaka wa kwanza, mnunulie nguo kabla hujamnunulia wako, usiguse picha za mama yake. Nikayashika yote. Hakuna hata mmoja aliyenitajia sungura.

Nilijua kwamba binti ana sungura wawili, ndugu wa tumbo moja, Malkia na Mdalasini. Nilikuwa nimewaona mara mbili tatu nilipokuja kama mchumba, nikawapa mchicha, nikapiga nao picha. Kwa hiyo kijana wangu alipoanza kulia kwamba hataki kuhama Dar, hataki Morogoro, hataki shule mpya, mama mtu nikapata akili ambayo niliiona ni ya hali ya juu kabisa. Nikamnunulia sungura. Dume dogo la kijivu. Akalipa jina la Samatta, kwa heshima ya nahodha. Nikamwambia, "Si unaona, kule wapo wenzake, watacheza pamoja." Na kweli mtoto akanyamaza. Tukafunga mizigo.

Jioni ya siku ya nne, binti akiwa ndani anafanya kazi zake za shule, nikamchukua Samatta nikafungua banda la akina Malkia, nikamweka ndani. Jamani, sikumaliza hata kufunga komeo. Kilichofuata ni manyoya. Sijawahi kuona manyoya yakiruka namna ile, kama mtu amepasua mto. Samatta alikuwa anazunguka ukutani anatafuta pa kutokea, Malkia yuko nyuma yake anamng'oa mgongoni, halafu nikasikia mlio. Sungura hupiga kelele, mpenzi msomaji, ila mpaka awe anadhani anakufa. Ni mlio kama wa mtoto mchanga. Kijana wangu naye akaanza kupiga kelele. Nikaingiza mkono, nikang'atwa (alama bado ninayo kwenye kidole gumba), nikamtoa Samatta sikio limechanika na damu inatiririka.

Binti alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakulia. Aliniangalia akasema, "Anti, hilo ni banda la mama."

Nikaja kuambiwa usiku na mume wangu. Lile banda marehemu alilijenga kwa mikono yake mwaka 2020, tayari akiwa mgonjwa, kwa mabanzi na wavu wa kuku, na ile kanga iliyoning'inia upande wa magharibi kuzuia jua la jioni ilikuwa ya kwake. Sungura wenyewe walitoka kwa mama yake mzazi, Nyandira, juu kule Mgeta. Bibi aliwashusha mjini wakiwa wadogo, ili mjukuu awe na cha kushika wakati mama yake analala muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeiona kanga ile na nilipanga kuitupa nikipata nafasi, maana ilikuwa imechakaa hadi maneno yake yamefutika nusu. Nashukuru Mungu kwamba mimi si mwepesi wa usafi.

Kwa wiki mbili hivi nyumba ilikuwa na adabu ya msibani. Binti anasalimia, anakula, anaosha sahani yake, anakwenda kwa sungura wake. Kijana wangu naye amejifungia na Samatta chumbani, chumba kinanuka mkojo. Mume wangu, kama wanaume wengi, akaamua kuwa na kazi nyingi.

Aliyetuokoa ni mpangaji wetu wa chumba cha uani, kijana wa mwaka wa 4 wa tiba ya wanyama pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho kila mtu hapa anakiita SUA. Watoto walishazoea kumwita Dokta, na yeye hakuwasahihisha. Alilitibu sikio la Samatta, kisha akaniketisha barazani akanieleza, kwa upole lakini bila kunionea haya, kwamba nilichofanya ni sawa na mtu kuvunja mlango wa nyumba ya watu usiku akaingia na begi lake.

Nikajifunza mambo ambayo sikuwahi kuyafikiria. Kwamba jike la sungura linalinda kwake kuliko hata dume. Kwamba chini ya kidevu chao kuna tezi, na ukimwona sungura anasugua kidevu kwenye mguu wa kiti usidhani anajikuna, anaandika jina lake pale, ingawa sisi pua zetu hazisomi. Kwamba madume mawili ambayo hayajahasiwa yanaweza kuumizana vibaya sana, na dume na jike hawapigani sana lakini watakupa tatizo la aina nyingine: mimba ni kama siku 31 tu, na jike anaweza kupandwa tena siku ile ile aliyozaa. Nilipiga hesabu ya majike wawili nikaona nyumba yetu ya vyumba vitatu imejaa kabla ya Krismasi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, Samatta ahasiwe. Kijana wangu alilipokea jambo hilo vibaya. "Kwa nini yeye? Si Malkia ndiye mwenye makosa?" Swali zuri, na sikuwa na jibu la kumridhisha mtoto wa miaka 7. Nikamwambia operesheni ya jike ni kubwa zaidi, ambayo ni kweli. Ilifanyika Machi. Nilishangaa kuambiwa asinyimwe chakula kabla yake kama tunavyofanyiwa sisi, kwa sababu sungura hawezi kutapika, na tumbo lake likiacha kufanya kazi hata siku moja ni hatari kuliko kisu chenyewe. Baada ya hapo tusubiri wiki 6 ndiyo akutane na majike, maana mbegu hubaki mwilini muda, na vilevile hasira za ujana haziishi siku moja.

Katika zile wiki 6 ndipo kazi ilipoanza, na ilikuwa kazi ya ajabu kwa mtu niliyesomea mawasiliano chuoni miaka mitatu. Dokta alitufundisha kuwakutanisha bila kuwakutanisha. Kibanda cha Samatta kikawekwa mkabala na kile kikubwa, katikati pameachwa nafasi ya viganja viwili, waonane na wanusane lakini meno yasifike. Kila jioni tunabadilishana vitambaa: kitambaa alicholalia Samatta kinakwenda kwa majike, cha majike kinakuja kwake. Na chakula kinawekwa kwenye wavu, huku na huku, wale wakitazamana, ili kila mmoja aanze kuhusisha sura ya mwenzake na kitu kizuri. Chakula chao hasa ni majani, si karoti kama tulivyodanganywa na katuni. Karoti ina sukari, ni kama pipi kwao. Wao ni nyasi, matembele kidogo, kishona nguo, na hasa mchunga, ambao kwangu mimi ni uchungu mtupu lakini Mdalasini akiuona anaruka juu na kupinda mwili hewani kama samaki.

Mchunga unaota pembezoni mwa mashamba, na kuuchuma ikawa kazi ya watoto wawili. Sikupanga. Kijana wangu haujui mchunga, anachuma chochote cha kijani, ikabidi binti afuatane naye. Jioni moja nikawaona kwa dirisha wanarudi, hawaongei, kila mmoja na mfuko wake, lakini binti akasimama akaingiza mkono kwenye mfuko wa mwenzake, akatoa majani fulani akayatupa. Basi, hayo tu. Nikarudi kwenye kazi yangu ya kuhariri makala ya mtu kuhusu jinsi ya kumjua mwanaume mwongo.

Dokta alikuwa na msemo wake kila tukikata tamaa: "Mji huu panya wanafundishwa kunusa mabomu, sungura watatu ndio watushinde?" Kama hujui, pale SUA ndipo penye makao ya APOPO, wanaowafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020 na shirika la wanyama la Uingereza, PDSA, kwa kazi yake Kambodia. Huyo ndiyo Morogoro yetu, mji kasoro bahari. Watu hawakushangai ukisema unafundisha sungura.

Mwishoni mwa Aprili, mvua za masika zikiwa bado hazijatuacha, tukajaribu mara ya kwanza. Dokta alisema patafutwe mahali ambapo hakuna kati yao anapadai. Mimi nikasema sebuleni. Nikatoa zulia, nikatandika magunia wasiteleze, kila mmoja wetu ameshika kitu, mimi glavu za bustani, mume wangu fagio. Dakika mbili za amani. Halafu Malkia akaenda kwenye mguu wa kochi, akasugua kidevu, na nikaona sura ya binti imebadilika. "Malkia alikuwa anacheza humu zamani," akasema. "Mama alikuwa anamfungulia." Kumbe sebule nayo ilikuwa na mwenyewe. Malkia akamrukia Samatta, fagio likaingia katikati, mchezo ukaisha.

Lakini baya zaidi lilitokea usiku. Mdalasini ndiye mpole, ndiye aliyekuwa anakwenda kulala karibu na wavu wa Samatta tangu wiki ya pili. Tulipowarudisha bandani akiwa amebeba harufu ya yule dume, Malkia akamgeukia yeye. Ndugu yake wa tumbo moja, waliolala pamoja miaka minne. Asubuhi tulimkuta Mdalasini amejibana pembeni, ana jeraha pajani, na ikabidi atengwe.

Sasa nilikuwa na sungura watatu kwenye vibanda vitatu. Kabla sijaja walikuwa wawili na banda moja.

Binti hakusema kitu. Alimwosha Mdalasini jeraha na maji ya chumvi, na siku tatu hakunisalimia asubuhi. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo mwezi mzima. Niliwahi kujifungia bafuni nikalia kwa ajili ya sungura, na mume wangu akagonga mlango akauliza kama ni tumbo.

Likizo ya Juni ilipofika, bibi akaagiza mjukuu apelekwe. Huo ni utaratibu wao wa kila mwaka. Safari hii aliongeza kwa simu kwamba amesikia mambo ya sungura, na Januari kule mjini joto liliwatesa, kwa nini wasipande nao huko kwenye baridi. Hapo hakukosea. Sungura hatoki jasho, joto lake hutoka zaidi kwenye masikio, na likizidi nyuzi 30 anaanza kuhema kwa shida. Miezi ya joto tulikuwa tunawawekea chupa za maji ya barafu.

Usiku ule binti akatuambia mezani, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayeomba chumvi: "Kama hawapatani, mimi nabaki Nyandira na sungura wangu. Bibi amesema kuna shule."

Mume wangu akaweka kijiko chini. Mimi nikacheka, nikidhani ni utoto. Chumbani ndipo akanieleza kwamba si utoto. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Ardhi inapita upande wa mama, jina la ukoo linapita upande wa mama, na mjomba ana kauli kubwa kuliko baba. Bibi alimwacha mjukuu mjini miaka mitatu kwa hisani tu, si kwa sababu hana haki. Mimi natokea Kilimanjaro, ambako mtoto ni wa baba na hakuna mjadala, nililala macho nikitazama neti. Nilijiona nimeolewa kwenye nyumba ambayo naweza kuifuta kwa kosa la dume moja la kijivu.

Basi tukapanda wote. Unaiacha barabara ya Iringa maeneo ya Sangasanga, unapita Mlali, halafu gari linaanza kupanda milima ya Uluguru kwa kona ambazo ukiangalia chini unakumbuka dhambi zako. Sungura walikuwa kwenye matenga matatu. Jirani mmoja alinishauri niwatie kwenye tenga moja, mtikisiko uwafanye wakumbatiane. Dokta akakataa. Alisema watakumbatiana kweli, kwa hofu, na hofu ikiisha utajua kama ni urafiki. Kwa mtu anayehariri kurasa za mahusiano, sentensi ile niliiandika pembeni.

Nyandira ni baridi. Juni unavaa sweta mchana. Mashamba yamesimama ubavuni mwa mlima kama ngazi, kabichi, njegere, viazi, na huku na kule mbuzi wa maziwa, uzao wa wale walioletwa kutoka Norway kupitia SUA miaka ya 1980. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na jembe mkononi, mwembamba, macho makali.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mama wa dume?"

Sikujua nicheke au nipige magoti. Nikafanya vyote viwili.

Tulikaa siku 9. Nikwambie ukweli, tatu za kwanza sikufanya chochote ila kumenya viazi na kusikiliza. Bibi alinionyesha kaburi la marehemu, juu kidogo ya nyumba, na akaniambia jina lake la utotoni, ambalo hata mume wangu halijui. Hakunisema vibaya. Aliniuliza tu, tukiwa tunachambua njegere, "Huyu mtoto wa kwetu, akiumwa usiku anaita nani?" Nikamjibu anamwita baba yake. Akaitikia kwa kichwa akaendelea na njegere. Nadhani angejua kama ningedanganya.

Siku ya nne tukaanza upya na sungura. Palikuwa na jiko la zamani nyuma ya nyumba, udongo mtupu, halina kitu, hakuna sungura aliyewahi kukanyaga. Dokta alikuwa ametuandikia maelekezo kwenye karatasi: dakika 10 asubuhi, dakika 10 jioni, ongeza polepole, mkimaliza mmalizie wakati wametulia na si wakati wamegombana, ili kumbukumbu ya mwisho iwe nzuri. Tuanze na Samatta na Mdalasini, kisha Malkia na Mdalasini, na watatu mwisho kabisa. Binti alikaa kona moja na kijana wangu kona ya pili, mimi mlangoni na fagio. Bibi akaleta kigoda chake akakaa katikati kama mzee wa baraza.

Samatta na Mdalasini hawakuwa na shida. Alimwendea, akalala kifudifudi mbele yake, wakaanza kurambana paji la uso. Malkia na ndugu yake ilichukua siku mbili. Siku ya kwanza walizungukana mkia kwa kichwa, dalili mbaya, tukawatenganisha. Siku ya pili wakala mchunga mmoja kutoka ncha mbili, midomo ikakutana katikati, na binti akaziba uso kwa viganja. Sikumwangalia. Nilijifanya naangalia fagio.

Siku ya saba, wote watatu. Malkia akamfukuza Samatta mara moja, mara mbili, akamng'oa manyoya kidogo. Mkono wangu ukanyanyuka na fagio. Bibi akasema, "Acha." Malkia akampanda Samatta mgongoni. Kijana wangu akapiga ukelele kwamba mpira huo umepinduka, dume ndiye anapaswa kumpanda jike. Ikabidi nieleze, mbele ya mama mkwe wa mume wangu, kwamba kwao kupanda si lazima iwe mambo ya kuzaa, ni namna ya kusema mimi ndiye mkubwa hapa. Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. "Kwetu ndivyo ilivyo," akasema.

Samatta hakugoma. Alikaa kimya, ametulia tuli, masikio mgongoni. Malkia akashuka, akazunguka, akaja mbele yake, akainamisha kichwa chini hadi kidevu kikagusa udongo. Dokta alikuwa ametuambia tuisubiri ishara hiyo. Anayeinamisha kichwa anadai arambwe, na mwenzake akikataa vita inaanza upya. Tulikaa kimya, sijui dakika ngapi. Moshi wa jirani unaingia, jogoo wa nani sijui anawika mchana. Samatta akanyoosha shingo, akamramba lile sikio lililolegea. Mara moja. Halafu akaendelea.

Binti alisema polepole, kwa kijana wangu na si kwangu, "Ana ulimi mdogo." Yule akajibu, "Ni wa baridi pia. Mshike uone."

Usiku wa nane tuliwaacha pamoja, na mimi sikulala, nilitoka na tochi mara nne. Mara ya nne, karibu alfajiri, baridi kali, nikawakuta wamejikunja mstari mmoja, Malkia katikati. Na kwenye kigoda cha bibi alikuwa amekaa binti, amejifunika blanketi, naye hajalala. Tukatazamana. Akasogea kidogo upande mmoja. Kigoda kile hakiwezi kukaa watu wawili, nikakaa chini kwenye udongo.

Siku ya kuondoka bibi hakutoa hotuba. Alimfungia mjukuu njegere na viazi, akaniambia kila likizo mtoto apande, na "usimtume na baba yake, uje wewe." Suala la shule ya Nyandira halikutajwa na mtu, na mimi nikaona si kazi yangu kulikumbusha. Najua halijafa. Siku binti atakapotaka kwenda, atakwenda, na ana haki.

Tulipofika mjini kulikuwa na jambo moja limebaki, na Dokta alituonya kabla hatujapanda mlimani. Watatu wasirudishwe kwenye banda la zamani likiwa na harufu ya zamani, la sivyo Malkia atakumbuka kwamba ni kwake na tutaanza moja. Lazima lisuguliwe lote, kila ubao, kwa maji ya moto na siki, vyombo vihamishwe, mpangilio ubadilike. Banda la mama.

Sikumwambia binti. Nilimwachia mume wangu aseme, akasema, kisha akapata kazi nyingi. Siku mbili sungura wakalala stoo. Siku ya tatu, Jumamosi, nikiwa uani nafua, akatoka na ndoo na chupa ya siki kutoka jikoni. Aliisimamia ile kanga kwa muda. Akaifungua fundo kwa fundo, akaikung'uta, akaikunja vizuri kama kanga mpya ya dukani, akanipa.

"Anti, shika kwanza. Nikimaliza nitaiweka kwenye begi langu."

Nikaibana kwapani, nikakunja mikono ya gauni. Akanipa brashi moja, yeye akachukua nyingine. Alianzia kona ya Malkia, mimi nikaanzia mlangoni.